Diski inakufa, faili hazifunguki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuokoa data na kutengeneza mfumo wa faili

Maswali haya huulizwa na wenye steshenari, wapiga picha za harusi, wahasibu wa ofisi ndogo na wanafunzi ambao tasnifu yao iko mahali pamoja tu. Karibu wote huanza na ombi lilelile: "Fundi, nitengenezee diski ifunguke." Majibu yote hapa chini yanasimama juu ya kanuni moja, nayo ni kutoa data kwanza. Mfumo wa faili hutengenezwa baadaye, na hutengenezwa kwenye nakala.

Mfumo wa faili ukiharibika kuna tofauti gani na diski kuharibika?

Diski yenyewe haijui faili ni kitu gani. Inachojua ni sekta, vijisehemu vya baiti 512 kila kimoja na namba yake. (Diski nyingi za tangu mwaka 2011 hivi hupanga data kwa mafungu ya baiti 4096 ndani kwa ndani, hata zinapojitangaza kuwa za 512, na ndiyo maana sekta mbovu mara nyingi huhesabika nane kwa mkupuo.) Mfumo wa faili ni kama daftari la ghala: umeandika kwamba faili fulani ina jina hili, ukubwa huu, na imewekwa kuanzia sekta namba fulani. Windows hutumia NTFS, iliyotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Linux nyingi hutumia ext4, Mac za sasa hutumia APFS, na flashi na kadi za kamera hutumia FAT32 au exFAT.

Daftari linaweza kuchafuka huku ghala likiwa zima. Umeme umekatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, au diski ya nje imechomolewa bila kuitoa kwa utaratibu. Uharibifu wa namna hiyo mara nyingi hutengenezeka bila hasara kubwa. Hali nyingine ni ghala lenyewe kubomoka: kichwa cha kusomea kimedhoofika, sahani zimekwaruzika, sekta hazisomeki tena. Hapo daftari limeharibika kwa sababu kurasa zake zimeandikwa kwenye sekta zilizokufa. Kinachowaponza watu ni kwamba kwa nje hali hizi mbili hufanana kabisa. Windows itatoa ujumbe uleule, folda zilezile zitakataa kufunguka. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote lazima ujue uko kwenye hali ipi.

Nitajuaje kwamba diski yenyewe ndiyo inayokufa?

Anza kwa kusikiliza. Diski yenye sahani ikigonga tak, tak, tak kwa mpangilio, ikizunguka na kusimama, au ikitoa mlio wa kukwaruza, izime papo hapo. Kila dakika inayozunguka katika hali hiyo inaweza kuondoa data ambayo hakuna mtaalamu atakayeirudisha. Hakuna programu inayotibu ugonjwa huo, kwa hiyo ruka hadi swali la mafundi huko chini.

Kama haina mlio wa ajabu, soma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia, ziitwazo SMART. Kwenye Windows programu ya CrystalDiskInfo inatosha. Kwenye Linux weka smartmontools, kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Diski za USB nyingine hukataa kujibu mpaka uongeze `-d sat`. Katika orodha itakayotokea, tazama mistari michache tu. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. Namba 197 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inasubiri kuamua hatima yake. Namba 198 ni zile zilizoshindikana kabisa. Safu ya kusoma ni ile ya mwisho, yenye thamani ghafi. Mstari wa 197 ukiwa na chochote zaidi ya sifuri na faili hazifunguki, ichukulie diski hiyo kuwa inakufa. Namba 199 ikipanda peke yake, shuku waya au soketi. Badilisha kebo kabla ya kuhukumu diski.

SMART ikisema diski ni nzima, usiamini moja kwa moja. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa diski nyingi sana za kwenye vituo vyao, wakakuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za SMART. Dalili mbaya ni ushahidi mzito, lakini kukosekana kwa dalili si cheti cha afya. Ongeza ushahidi mwingine: kufungua folda moja kunachukua dakika nzima, kompyuta inaganda kila unapochomeka diski hiyo, au kwenye Linux amri ya `dmesg` inamwaga mistari yenye maneno I/O error. Mistari hiyo ikiwepo na kebo ni nzima, ichukulie diski kuwa inakufa hata kama SMART inasifia.

Windows inaniambia lazima nifomati diski ndipo niitumie. Nikubali?

Hapana. Funga kijisanduku hicho na uchomoe diski. Windows inasema hivyo kwa sababu imeshindwa kusoma ukurasa wa kwanza wa daftari. Haina maana kwamba faili zimetoweka. Kufomati huandika daftari jipya tupu juu ya lile la zamani, nawe ulihitaji lile la zamani.

Kwa nini nisiendeshe chkdsk mara moja? Kila mtu anaishauri.

Kwa sababu chkdsk, amri ya Windows ya kukagua mfumo wa faili, haikutengenezwa kuokoa faili zako. Kazi yake ni kuhakikisha daftari halijipingi lenyewe, na njia moja ya kuondoa ukinzani ni kufuta maandishi yasiyoeleweka. Kwenye diski nzima iliyochafuka kwa kukatika umeme, hilo linafaa. Kwenye diski inayokufa ni hatari, kwa sababu programu inaweza kukutana na ukurasa wa daftari usiosomeka leo, ambao pengine ungesomeka kwa majaribio ya subira, na kuuhesabu kuwa haupo. Faili zilizotajwa humo hukosa mwenyewe. Zikipata bahati huhamishiwa kwenye folda iitwayo found.000 zikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Zikikosa bahati, nafasi yake hutangazwa kuwa wazi.

Ukiongeza `/r` mambo huwa mazito zaidi. Amri hiyo inailazimisha diski kusoma kila sekta kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwa ni pamoja na maeneo matupu usiyoyahitaji, na kung'ang'ana kwenye kila sekta mbovu. Nguvu ya mwisho ya kichwa cha kusomea inateketea kwenye kazi ambayo haijaokoa hata faili moja kuipeleka mahali salama. Baadaye unasoma kwenye skrini kwamba marekebisho yamefanyika, unafungua folda ya picha za harusi ya mtu, na ni tupu. Naumia kila ninapoletewa diski iliyopitia njia hii, maana mara nyingi ilikuwa inaokoleka asubuhi ya siku hiyohiyo.

Angalia pia kwamba Windows huweza kuanza ukaguzi huo yenyewe wakati wa kuwaka. Ukiona sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma, bonyeza kitufe chochote uusimamishe, zima kompyuta, toa diski. Kwenye Linux, `fsck -y` ni hatari ileile kwa jina jingine.

Nahitaji nini kabla ya kuanza uokoaji?

Diski nyingine nzima, kubwa kuliko ile inayokufa. Ukubwa ulio sawa hautoshi, kwa sababu picha ya diski (nakala kamili ya sekta zake zote, ikiwa faili moja) ya TB 1 haiingii kama faili kwenye diski nyingine ya TB 1, ambayo sehemu ya nafasi yake imeliwa na mfumo wake wa faili. Tafuta ya TB 2. Isiwe ya FAT32, kwani mfumo huo hauruhusu faili kufika GB 4. NTFS, exFAT na ext4 zote zinafaa, ila kwa kazi inayofanywa ndani ya Linux napendelea ext4.

Flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. SystemRescue inakuja na zana zote zitakazotajwa hapa. Ubuntu nayo inafaa, ila zana ya kunakili utaiongeza mwenyewe, na jina la kifurushi chake ni gddrescue.

Umeme wa uhakika. Tumia laptopu yenye betri nzima, au kompyuta ya mezani iliyo kwenye UPS. Kwa diski ya ndani, ifunge moja kwa moja kwenye soketi ya SATA ukiweza, kwani vibebeo vingi vya USB huganda diski inapochelewa kujibu. Lakini usikimbilie kuvunja kasha la diski ya nje. Diski nyingi za WD My Passport zina soketi ya USB iliyochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, na nyingi husimba data kwa njia fiche kupitia bodi hiyo, hivyo sahani bila bodi yake hazisomeki.

Picha ya diski naichukuaje?

Kwa GNU ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Ubora wake uko kwenye mpangilio wa kazi. Inakusanya kwanza maeneo mepesi, ikigonga ubovu inaruka mbele, na kurudi kwenye maeneo magumu baadaye. Kwa namna hiyo data nyingi zinakuwa salama kabla diski haijachoka.

Washa kompyuta kwa Linux, chomeka diski zote mbili, na ujue ipi ni ipi:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT`

Linganisha namba ya mfululizo na ile iliyobandikwa kwenye diski. Fanya hivyo kweli. Ukigeuza chanzo na mahali pa kupeleka, utaandika juu ya data unayoiokoa. Kama Linux imeifungua diski mbovu yenyewe, ifunge kwa `umount`. Tuchukulie diski mbovu ni sdb, na ile nzima imefunguliwa kwenye /mnt/okoa:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/okoa/picha.img /mnt/okoa/picha.map`

Jina la tatu, picha.map, ni ramani ya kazi: inaandika kipi kimesomwa na kipi bado. Usiikose kamwe. Kwa ramani hiyo unaweza kusimamisha kazi kwa Ctrl+C, umeme unaweza kukatika, diski inaweza kupumzishwa usiku ipoe, na ukirudia amri ileile kazi inaendelea pale ilipoishia. `-n` inasema maeneo magumu yasichokonolewe kwanza. Awamu hiyo ikiisha, ndipo unarudi kwa majaribio matatu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/okoa/picha.img /mnt/okoa/picha.map`

Diski nzima ya TB 1 inayosoma MB 100 kwa sekunde humalizika kwa muda wa karibu saa tatu. Inayokufa inaweza kuchukua siku kadhaa. Kasi ikishuka hadi KB chache, acha ifanye kazi ilimradi haigongi. Wakati mwingine kuongeza `-R`, yaani kusoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, huokoa eneo lililokuwa limekwama. Diski ikianza kugonga, simamisha. Ulichokipata kimo ndani ya picha, na uamuzi wa kumpelekea mtaalamu bado uko mikononi mwako.

Si rahisi zaidi kunakili folda ninazozitaka tu?

Swali hili lina haki yake. Kunakili folda kwa kawaida hukifanya kichwa cha kusomea kurukaruka huku na huko kikifuata daftari, na Windows ikikwama kwenye faili moja hukaa hapo ikijaribu tena na tena. Kwa diski iliyojaa picha elfu nyingi, picha ya diski nzima ndiyo njia. Lakini kama diski bado inafunguka, na kinachohitajika kweli ni tasnifu moja au hesabu za mwaka, ifungue kwa kusoma tu ndani ya Linux (`mount -o ro`), chukua hicho kwanza, kisha uendelee na picha ya diski. Wapo mafundi wasiokubaliana nami hapa. Mimi huona GB 2 zilizo salama sasa zina thamani kuliko GB 900 zinazotarajiwa kesho.

Picha imekamilika. Sasa mfumo wa faili natengenezaje?

Weka diski mbovu pembeni. Ukiwa na nafasi, nakili hata picha yenyewe, ili kosa la kutengeneza lisikurudishe kwenye diski inayokufa. Kisha ifungue kwa kusoma tu:

`sudo losetup -r -fP --show picha.img`

Itakujibu jina kama /dev/loop0, na sehemu zake zitakuwa loop0p1, loop0p2 na kuendelea. Jaribu kuifungua ile yenye data: `sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt/soma`. Kwa ext4 ongeza `noload`, ili mabadiliko yanayosubiri kwenye jarida lake (journal) yasijaribu kuandikwa. Hatua hii peke yake mara nyingi inamaliza kazi: folda zinaonekana, unazinakili, na hakuna kilichotengenezwa wala kuhitaji kutengenezwa.

Ikikataa na ni NTFS, fungua picha kwa TestDisk ya Christophe Grenier, safari hii kwenye ile nakala ya pili, maana TestDisk ikitengeneza huandika. NTFS ilijengwa na tahadhari zake: nakala ya sekta ya kuwashia iko mwisho wa sehemu, na rekodi nne za mwanzo za daftari lake kuu, MFT, zina nakala kwenye $MFTMirr. TestDisk inaweza kurudisha mojawapo kutoka kwenye nyingine, na pia kuorodhesha faili na kuzinakili bila kutengeneza chochote. Hilo la pili ndilo ninalolitanguliza. Isipofaulu, mwaga picha kwenye diski mpya isiyo ndogo kuliko ya zamani, ichomeke kwenye Windows, na hapo chkdsk inapata nafasi yake halali: `chkdsk E: /f`. Ikifuta kitu, picha bado ipo. Ile `ntfsfix` ya Linux haishiki nafasi ya chkdsk. Inarekebisha mambo machache tu na kuiachia Windows ukaguzi.

Kwa ext4 anza na `e2fsck -n`, inayosema ingefanya nini bila kufanya. Ikilalamika kwamba ukurasa mkuu, superblock, haufai, zipo nakala zake. Kwenye mfumo wenye bloku za baiti 4096 ya kwanza kwa kawaida iko bloku 32768, nawe unaitumia kwenye nakala ya picha inayoruhusu kuandikwa: `e2fsck -b 32768 -B 4096`. Faili zilizopoteza majina utazikuta kwenye lost+found.

Ipo pia mifumo mingine ya faili ya Linux. Kwa XFS tumia `xfs_repair -n` kwanza, na uogope `-L`, kwani inatupa jarida zima. Kwa Btrfs usianze na `btrfs check --repair`. Amri ya `btrfs restore` inatoa faili bila kugusa kitu. Diski yenye BitLocker (usimbaji fiche wa Windows) inachukuliwa picha kama nyingine yoyote, ila bila ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48 au nywila yake hutafika popote.

ddrescue imeokoa asilimia 99.9. Nitajuaje ni faili zipi zimeumia?

Hili wengi hawalifanyi, na ndipo hitilafu zinapojificha. Sekta zisizosomeka zimebaki sifuri ndani ya picha, na faili iliyopoteza kipande katikati itaonekana kwa jina lake vizuri tu. Kwenye nakala ya picha unaweza kujaza maeneo hayo kwa alama:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt nakala.img picha.map`

Kisha fungua nakala hiyo kwa kusoma tu, na utafute: `grep -rl "SEKTA-MBOVU" /mnt/soma`. Orodha inayotoka ni ya faili zilizoumia. Kwa mpiga picha, hiyo ni tofauti kati ya kumwambia mteja "picha zako zote zipo isipokuwa hizi tatu" na kumpa diski yenye mashaka.

Daftari lote limekufa. Je, picha na nyaraka zangu zimekwisha?

Bado. PhotoRec, inayokuja pamoja na TestDisk, hailisomi daftari kabisa. Inapekua sekta ikitafuta alama za mwanzo wa faili. JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Utapata yaliyomo bila majina wala folda, na faili zilizokuwa zimetawanyika vipande huenda zikatoka nusu. Panga kwa tarehe za ndani ya picha (EXIF), na uwe na subira. Elekeza matokeo kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ile unayoipekua.

Vipi kuhusu SSD na flashi?

Hazigongi wala hazikwaruzi. Nyingi hufa ghafla: leo inafanya kazi, kesho haitambuliki. Baadhi hujifunga na kubaki za kusoma tu, na hiyo ni bahati yako, chukua picha siku hiyohiyo. Faili iliyofutwa kwenye SSD yenye TRIM (amri inayoiambia SSD isafishe nafasi ya faili zilizofutwa) kwa kawaida hairudi, hata kwa PhotoRec.

Nimeambiwa niiweke kwenye friza. Inasaidia?

Usifanye. Ikitoka, unyevu hugeuka matone juu ya sahani, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa hilo hutokea haraka. Kichwa kinaelea nanomita chache juu ya sahani. Tone la maji ni mlima kwake.

Fundi amesema ataifungua aangalie ndani. Nimruhusu?

Kwenye meza ya kawaida, hapana. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kumaliza kichwa. Kufungua diski ni kazi ya chumba safi, chenye hewa iliyochujwa, na vichwa vya kubadilisha vya modeli ileile. Kubadilisha bodi ya chini nako si kuhamisha skrubu tu, kwani kwenye diski za sasa bodi ina chipu yenye vipimo vya diski hiyo peke yake, na lazima data yake ihamishwe.

Muulize fundi maswali mawili kabla ya kumwachia. Atachukua picha ya diski kwanza, au atafanya kazi juu ya diski yenyewe? Na ikishindikana, diski itarudi ikiwa haijafunguliwa? Fundi mzuri wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue hataudhika kuulizwa.

Diski ya zamani niifanye nini?

Itunze mpaka umefungua faili zako moja moja na kuridhika. Kisha usiirudishe kazini, hata ikifomatika vizuri na kuonekana imepona. Sekta zilizokufa huendelea kuongezeka. Wala usiiuze wala kuitupa ikiwa na taarifa za wateja au wagonjwa. Kama bado inaandikika, ifute yote kwa sifuri. Kama haiandikiki, ivunje sahani. Za diski ndogo za laptopu mara nyingi ni kioo na hupasuka vipande vyenye makali, kwa hiyo ifunge kwenye kitambaa kizito na uvae miwani ya kinga kabla ya kuipiga nyundo.